Programu Isiyojua Kurudi

Mwanangu Doris anaandika programu za kompyuta ambayo hajawahi kuiona kwa macho. Iko ng'ambo, kwenye jumba la baridi kali lisilo na madirisha, na kwa jinsi alivyonieleza ukubwa wake ni kama makabati mawili ya nguo yaliyosimama bega kwa bega. Yeye yuko hapa Likombe, Mtwara, kwenye chumba cha uani, anaifikia kwa kompyuta yake ya kupakata iliyopasuka kona. Nilipoelezwa mara ya kwanza niliogopa. Nikamuuliza, "Sasa wakisema umeiharibu, utajuaje kama kweli imeharibika?" Akacheka mpaka akajishika mbavu. Mimi sikucheka. Mtoto ni wangu, na mimi ni mtu wa kuwaza.

Ila Jumamosi ile nilicheka, nikalia, nikaruka kama msichana, na hata sasa nikiikumbuka mwili unanisisimka. Ndiyo maana naandika.

Nianze na mtoto mwenyewe. Baba yake, Josephu, ni mtu wa Mbinga, aliletwa Mtwara na kazi ya bandarini. Mimi ni wa hapa hapa, kijiji cha Mpapura, nimeishia darasa la saba. Doris tulimzaa akiwa na mikono isiyotulia. Kitu kikifungwa, yeye anakifungua. Siku moja baba yake alirudi kazini akiwahi kusikiliza mpira, akaikuta redio sakafuni, matumbo nje.

"Doris! Nani kaiua redio yangu?"

"Haijafa, baba. Imelala."

Pembeni alikuwa amepanga skrubu zote kwa mstari, kila moja kwa zamu yake jinsi alivyoitoa. Alizirudisha moja moja kwa mpangilio ule, na kabla ya kipindi cha pili redio ikaongea. Josephu alimuuliza kwa nini amezipanga vile. Akajibu, "Ili nijue njia ya kurudi." Watu wazima tulilichekea neno hilo, tukalisahau.

Alisoma chuo, akapata stashahada ya kompyuta, akarudi nyumbani akakaa. Kazi hakuna. Mchana alikuwa anatusaidia korosho, na akipata nafasi anafungua kompyuta yake. Ndipo alipoyakuta masomo ya bure mtandaoni kuhusu zile kompyuta kubwa za mabenki na kampuni za bima, na lugha yao ya zamani iitwayo asembla. Lugha hiyo, anasema, haikubembelezi. Unaiambia kompyuta kila kitu, mpaka shika hiki, weka pale, nenda kule.

Jirani yangu Theresia, tunayefanya naye kazi, hakumwacha hivi hivi.

"Watoto wa wenzio wanajifunza vya kesho, wa kwako anajifunza vya juzi. Kesho atakuja kutufundisha kutuma simu ya maandishi posta."

"Shangazi Theresia," Doris akamjibu, "wazee wanaoijua lugha hii wanastaafu dunia nzima, na zile kompyuta bado zinafanya kazi. Wao wakitoka, mimi naingia."

"Haya, ingia. Ukikuta wamefunga, urudi umenye korosho."

Akaingia kweli. Kampuni ndogo ya Dar es Salaam, inayotunza programu za kampuni ya bima ya ng'ambo, ilimchukua kwa majaribio. Mkuu wake ni Goodluck, mwanamume mpole anayeongea harakaharaka simuni kana kwamba salio linamwishia. Mambo yalikuwa wazi tangu mwanzo. Doris atapewa kazi moja ngumu. Akiiweza, ataajiriwa na atafanya kazi akiwa hapa hapa Mtwara. Asipoiweza, wenye mali, wale wa bima, watawapa kazi ile watu wa nchi nyingine, na yeye atakwenda Dar kwa mjomba wake kuuza vipuri vya pikipiki, nafasi iliyokuwa inamsubiri. Mjomba ni mtu mzuri. Lakini nilimwona Doris anavyonyamaza vipuri vikitajwa.

Sasa lazima nieleze na kazi yetu ya uani, maana bila hiyo habari hii haiendi.

Uani kwetu tunabangua korosho, wanawake wachache wa mtaa. Mnunuzi wetu ni Bwana Murtaza mwenye duka Mikindani. Upande mmoja, chini ya bati, ziko mashine za mkono za kubangulia. Ganda la korosho lina mafuta yake makali. Yakikuta mkono mkavu yanaunguza ngozi mpaka inabanduka. Kwa hiyo anayebangua anajipaka kwanza mafuta ya kupikia, mikono yote miwili mpaka kwenye viwiko. Upande wa pili ni chumba cha kumenya. Huko korosho zimeshakaushwa kwenye oveni, tunazivua ile ngozi nyekundu ya ndani, na huko hatutaki mafuta hata tone. Korosho nyeupe ikipata doa, Bwana Murtaza anaishika kwa vidole viwili kama mende.

Basi ukitoka kubangua kwenda kumenya, unanawa kwa sabuni na kujifuta. Ukirudi kubangua, unapaka upya. Kwenda hakuna anayesahau, kwa sababu ndoo iko njiani na Theresia akiona mkono unang'aa anapiga kelele. Kurudi ndiko kwenye kazi. Mtu anarudi anapiga soga, anacheka, anakaa, anashika ganda, halafu unasikia "Mamaaa!"

Anayesahau kuliko wote ni Bi Somoe. Ni mtu mzima, wa Mikindani, na kubangua alijifunza enzi za jiwe. Zamani hizo korosho zilichomwa motoni kwanza, mafuta makali yakaungulia huko huko, wakazigonga na kuzimenya pale pale walipokaa, mikono imepakwa majivu tangu asubuhi. Palikuwa na mahali pamoja tu. Mambo ya kutoka huku kwenda kule na kurudi hayakuwapo, kwa hiyo hayamo kichwani mwake. Ukimwambia anakubali vizuri kabisa, na kesho yake anasahau. Kumwacha hatuwezi, maana kwa kumenya hakuna wa kumfikia. Korosho inatoka mkononi mwake nzima, nyeupe, haina hata mkwaruzo.

Nikaona isiwe shida. Nikaweka kigoda changu mlangoni mwa chumba cha kumenya, chupa ya mafuta mapajani. Kila anayetoka anapita kwangu. "Mikono!" nasema. Hata kama kapaka mwenyewe, nampaka tena. Wameniita askari wa mafuta. Doris naye alikuwa ananionea haya mbele za watu. "Mama, unawafanya watu wazima kama watoto wa chekechea." Nikamwambia mkono ukishaungua hauulizi umri.

Wiki ile ya mwisho ya majaribio nilimkalia Doris kooni anieleze anachofanya, maana alikuwa hali vizuri, na mimi nikiona mtoto hali, silali.

"Nieleze kama unavyomweleza mtu asiye na kompyuta."

Akasogea kwenye karai langu, akachukua korosho mbili akaziweka chini.

"Hii ni programu ya zamani. Imeandikwa kabla wewe hujaolewa. Inakokotoa bima ya kila mtu kwa umri wake, na haijakosea hata mara moja. Hakuna anayethubutu kuigusa, na maandishi yake ya asili yamepotea. Hii nyingine ni programu mpya. Kazi yangu ni kuifanya mpya iiite ya zamani, ipewe majibu, iendelee na safari."

"Sasa kuitana tu kuna ugumu gani?"

"Anwani, mama. Kila kitu ndani ya kompyuta kina mahali pake, na kila mahali pana anwani ya tarakimu. Programu ya zamani inasoma tarakimu ishirini na nne tu. Mpya inasoma thelathini na moja. Ukiipa ya zamani anwani ndefu, haikatai. Inakata za mbele, inasoma zilizobaki, inakwenda."

"Inakwenda wapi?"

"Hapo sasa! Ni kama mtu anakuja kwetu. Hapa Likombe akisema 'kwa Mama Doris' anafika. Lakini Mikindani akisema 'kwa Mama Doris' tu, watampeleka kwa Mama Doris wa kule. Atabisha hodi, ataingia, atakula ugali wao, na wala hatajua kwamba kapotea."

Nilimwelewa, na nikaogopa zaidi.

Akaendelea kunieleza. Kabla ya kuiita programu ya zamani, unaichukua mizigo yote unayotaka iifanyie kazi unaishusha kwenye anwani fupi, chini ya mpaka ambao ile ya zamani inaweza kufika. Halafu unaiambia kompyuta ibadili namna ya kusoma, iache ndefu, isome fupi. Kisha unaita. Alikuwa ameyafanya yote. Alijaribu kwa wateja wachache, ikaenda vizuri, majibu sahihi. Nikaona anakula.

Ijumaa mchana wakajaribu kwa wateja wengi. Programu ikafa.

Nilikuwa naanika khanga uani niliposikia sauti ya Goodluck simuni. "Dada Doris, imeanguka. Programu ya zamani imemaliza kazi yake, imetoa jibu zuri kabisa, lakini ile yako ikapiga hatua kidogo ikadondoka. Imekwenda kugusa mahali ambapo hapapo."

"Kwa wachache mbona inapita, kaka Goodluck?"

"Ndilo swali. Wenye mali wataangalia wenyewe kesho saa nne asubuhi. Wamesema kesho ndiyo mwisho. Nimewaomba waongeze, wamekataa. Pole sana. Itafute tu, mimi naamini utaipata."

Josephu alirudi kazini akamkuta amejifungia. Akaenda mlangoni, akasimama, akakohoa.

"Doris. Zile skrubu umezipanga kwa mstari?"

Akajibu kutoka ndani, "Nimezipanga zote, baba. Lakini moja imezidi."

Jumamosi asubuhi wanawake walikuja mapema, maana Bwana Murtaza alikuwa anafuata mzigo siku hiyo hiyo. Nilitaka kuwarudisha. Nikamgongea Doris dirishani. Dirisha lake linatazama uani, likiwa wazi anatuona wote.

"Mwanangu, niwaambie waende? Wakuachie utulivu?"

"Waache, mama. Nikisikia kelele zenu najua dunia bado ipo." Macho yalikuwa mekundu, lakini alikuwa amechana nywele. Mtoto akichana nywele bado hajakata tamaa.

Kazi ikaanza. Mashine zikawa zinapiga ka! ka! ka! chini ya bati, Theresia anasimulia habari za harusi ya Nanyamba iliyokosa bwana harusi kwa saa nzima, watu wanacheka. Mimi nilikuwa kwenye kigoda changu mlangoni, mwili tu. Macho yalikuwa dirishani. Nilimwona Doris anaandika, anafuta, anaweka kichwa mezani. Alipoweka kichwa mezani nikashindwa. Nikainuka, nikaiweka chupa chini, nikaenda dirishani kumwangalia kama analia.

Nilikuwa sijafika niliposikia, "Yarabi! Yarabi mkono wangu!"

Bi Somoe. Alikuwa ametoka kumenya, kapita mlangoni pasipo na mtu, kaketi kwenye mashine, kashika ganda kwa mkono mkavu uliooshwa ukatakata. Mafuta makali yalikuwa yameshamwingia katikati ya vidole. Tulimkimbilia na maji na sabuni, Theresia anamshika mkono, Bi Somoe anarusha miguu.

"Bi Somoe, shikamoo yako nimeitoa asubuhi, lakini kwa hili nakugombeza!" nikapiga kelele. "Kwa nini hukupaka?"

"Nipake vipi, na mwenye chupa hayupo mlangoni?"

"Mikono si ni yako?"

"Mikono yangu, mlango wako!" Akanielekezea kidole chekundu. "Mimi nimeitwa kumenya, nimemenya. Korosho zangu ziangalie, kuna hata moja iliyovunjika? Hiyo ndiyo kazi yangu. Kunipaka ni kazi yako wewe, umejipa mwenyewe, hakuna aliyekutuma!"

Theresia akacheka mpaka akauachia ule mkono. "Askari kakamatwa!"

Nikainua macho na kumwona Doris amesimama dirishani, mikono yote miwili imeshika nondo. Hakuwa analia. Alikuwa anamtazama Bi Somoe kama mtu anayemwona malaika.

"Mama," akasema taratibu, "Bi Somoe enzi zake alikuwa anapaka mara ngapi?"

"Mara moja, asubuhi. Mbona unajua? Walikuwa wanakaa mahali pamoja."

"Kwa hiyo hajawahi kufundishwa kurudi."

"Hajafundishwa, na hafundishiki. Ndiyo maana mimi nakaa hapa mlangoni!"

Doris akapiga kofi moja kubwa. "Hairudishi!" akapiga ukelele. "Mama, hairudishi! Inarudi bila kurudisha!" Akatoweka dirishani, na tukasikia vidole vyake kwenye kompyuta kama mvua kwenye bati.

"Kapatwa na nini?" Bi Somoe akauliza, amesahau hata maumivu.

Alikuja kunieleza baadaye, lakini nitalisema hapa ili uelewe tulichokuwa tunasubiri. Programu zile za mafunzo alizojifunzia zilikuwa na adabu. Zikiitwa, zinaangalia mwitaji alikuwa anasoma anwani kwa namna gani, na zikimaliza zinamrudishia namna yake. Akadhani zote ziko hivyo. Lakini programu ile ya zamani iliandikwa wakati kulikuwa na namna moja tu ya kusoma. Kurudi, kwake, ni kurudi tu. Haijui kwamba kuna kitu cha kurudisha. Basi ile mpya ikipokea jibu inaendelea na safari ikidhani inasoma anwani ndefu, kumbe bado inasoma fupi. Kwa wateja wachache haikudhuru, kwa sababu mizigo yao yote ilikuwa imetosha chini ya mpaka. Wateja walipokuwa wengi mizigo ikapanda juu ya mpaka, na programu ilipoinyooshea mkono, mkono ukaenda kwa Mama Doris wa Mikindani.

Ya zamani haiguswi. Kuifundisha hakuwezekani. Kwa hiyo akaandika programu ndogo sana ya kukaa katikati. Mpya inapita kwake ikienda, na ya zamani ikimaliza inarudi kwake kwanza. Programu hiyo ndogo haimuulizi mtu kama amepaka au hajapaka. Anayerudi, inampaka. Na ilibidi ikae chini ya mpaka, kwenye anwani fupi, kwa sababu ile ya zamani ikirudi haioni anayekaa juu.

Nilimsikia akimpigia Goodluck, anaongea haraka kuliko Goodluck mwenyewe. Halafu Goodluck akapiga kelele simuni, tukamsikia mpaka kwenye mashine. "Dada Doris! Sisi wote tumeitazama hiyo sehemu, hakuna aliyeiona! Nimeisoma, iko sawa, naipandisha. Muda wa kuijaribu hatuna, tunaingia nayo hivyo hivyo!"

Saa nne ilikuwa imekaribia. Niliwaita wanawake wote. Hakuna aliyekuwa anabangua tena. Tulijaa chumbani kwa Doris kama watu waliokwenda kumtazama mzazi, Bi Somoe amekaa kitandani, mkono ndani ya bakuli la maji. Nje nikasikia gari. Bwana Murtaza aliingia uani, akaona mashine zimekaa bila watu.

"Mama Doris! Mzigo wangu uko wapi? Mmefiwa?"

"Nyamaza, Bwana Murtaza, njoo huku! Mtoto anafanyiwa mtihani!"

"Mtihani gani Jumamosi?" Lakini akavua viatu, akaingia, akabana ukutani.

Doris alibonyeza kitu. Maandishi ya kijani yakaanza kupita kwenye kioo. Akasema, "Imeanza."

Na umeme ukakatika.

Feni ikapunguza mwendo, ikasimama. Kile kidude chake cha mtandao kikazima taa zote. Maandishi ya kijani yakaganda pale pale. Mimi niliona giza, ingawa ilikuwa mchana kweupe.

"Basi!" nikasema. "Basi, imekufa! Josephu yuko wapi? Bwana Murtaza, jenereta! Unayo jenereta Mikindani, kimbia!"

"Mikindani na kurudi? Mpaka nifike huyu ameshaolewa!"

"Mama," Doris akasema.

"Theresia, nenda kwa jirani ukaangalie kama wanao..."

"Mama! Kompyuta haiko hapa." Akanishika mabega. Alikuwa anatabasamu. "Iko kule kwao. Umeme wao haujakatika. Inakwenda yenyewe, sisi tu ndio hatuioni."

"Sasa tutajuaje?"

"Goodluck atapiga simu."

Simu ikawekwa mezani, katikati, na sote tukaitazama. Mimi nimewahi kumsubiri Josephu siku winchi ilipokatika bandarini, lakini kusubiri kule hakukuwa kama huku. Huku kulikuwa na utamu ndani yake. Nilijua sasa yule mtoto anayapanga mambo yake kwa mstari. Nilijua amepata skrubu iliyozidi. Nilichokuwa sijui ni kama kompyuta ile isiyoonekana inajua hivyo.

Simu ikaita. Wote tukaruka. Doris akaishika, ikamponyoka, akaidaka. Ilikuwa ni baba yake, kutoka bandarini.

"Vipi huko? Imeongea?"

"Baba, toka kwenye simu!" tukapiga kelele wote, hata Bwana Murtaza.

Ikakatwa. Ikaita tena. Doris akaiweka kwenye spika.

"Dada Doris." Goodluck kwa mara ya kwanza alikuwa anaongea polepole. "Mbona umetoka kwenye mtandao?"

"Umeme, kaka. Niambie."

"Imefika ilipoanguka jana."

Bi Somoe akautoa mkono bakulini.

"Imepapita. Imeita ya zamani, imerudi, imeendelea. Imeita tena, imerudi. Sasa hivi ninavyoongea na wewe inakwenda, sijui imeshaita mara ngapi, nimeacha kuhesabu. Subiri... subiri kidogo... Imemaliza! Dada Doris, imemaliza! Majibu yote sawasawa! Wenye mali wamesimama, nawaona kwenye kioo wanapiga makofi!"

Sikusikia tena. Bi Somoe alipiga kigelegele kilichoanzia kitandani kikatokea dirishani, Theresia akakipokea, watu wa nyumba ya pili wakakipokea bila kujua ni cha nini. Bwana Murtaza alikuwa anapiga mgongo wa Doris kama mtu anayekung'uta gunia. Nilimkumbatia mwanangu tukayumba pamoja, tukaangusha kiti. Alikuwa analia na kucheka, ananiambia sikioni, "Nabaki, mama. Nabaki hapa."

Goodluck alikuwa bado anaita kwenye simu. "Halo! Halo jamani! Mkataba nakuandalia Jumatatu. Lakini wenye mali wana swali moja. Ile programu ndogo ya katikati, wanajaribu kulisoma jina lake wanashindwa. Wanasema 'Mulangoni, Mlango-nai.' Ndiyo nini?"

"Mlangoni," Doris akasema. "Majina huko hayazidi herufi nane, hilo limetosha barabara. Waambie ndipo anapokaa mama yangu."

Theresia alinigonga kwa kiwiko. "Umesikia? Askari umefika ng'ambo."

Nikakiinua kile kiti tulichokiangusha.

Bwana Murtaza ndiye aliyetukumbusha. Alitazama saa yake, akatazama dirishani kule mashine zilikokuwa, akakunja uso wake wa biashara. "Hongera sana, Doris, Mungu akuzidishie. Lakini mimi wateja wangu hawali programu. Korosho zangu?"

"Zinakuja, Bwana Murtaza, zinakuja!" Tukatoka kwa kusukumana. Nikamwambia Bi Somoe apumzike, akakataa katakata. Mkono uliobaki mzima unatosha kumenya, akasema, na hawezi kukaa bure siku kubwa kama hii. Akaingia chumba cha kumenya. Mimi nikakaa kwenye kigoda changu, chupa mapajani, na safari hii sikuliangalia dirisha.

Baada ya kitambo akatokea, amebeba ungo uliojaa korosho nyeupe za kumkabidhi Bwana Murtaza. Alikuwa hata haendi kwenye mashine. Lakini alipofika mlangoni akasimama, akaweka ungo chini, akaninyooshea mikono yote miwili, mmoja mzima na mmoja mwekundu.

"Haya," akasema kwa sauti, akilitazama dirisha la Doris ili naye asikie. "Nimerudi."

Nikampaka.